Jinsi ya Kunasa Naitrojeni kutoka Maji Machafu ya Banda la Ng'ombe kwa Bakteria na Umeme Mdogo

Ng'ombe mmoja wa maziwa anayefugwa bandani hutoa lita 10 hadi 20 za mkojo kwa siku, na kila lita huwa na gramu 3 hadi 10 hivi za naitrojeni, kutegemea lishe anayopewa na maji anayokunywa. Mfugaji wa Kasulu, Buhigwe au viunga vya Kigoma Ujiji anaifahamu naitrojeni hiyo kwa pua yake, kwa kuwa harufu kali inayomlaki alfajiri mlangoni mwa banda ni amonia inayopotelea hewani. Ile isiyopotelea hewani huoshwa na mvua hadi kwenye mito kama Luiche, na kutoka huko huingia Ziwa Tanganyika. Wakati huohuo mfugaji yuleyule, akiwa na shamba la mahindi au kitalu cha michikichi, huenda dukani kununua mfuko wa yurea au wa SA (salfeti ya amonia), ambayo ni naitrojeni ileile iliyotengenezwa kiwandani kwa gesi asilia, joto kali na mgandamizo mkubwa.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kujenga na kuendesha kifaa kidogo kinachotumia bakteria na umeme usiofika volti moja kuihamisha naitrojeni ya maji ya banda na kuinasa katika asidi, hadi ipatikane mbolea ya SA ya majimaji. Umeandikwa kwa ajili ya maafisa ugani, walimu wa sayansi, mafundi na vikundi vya wafugaji. Niseme mapema kwamba huu si mradi wa kuzalisha umeme. Habari nyingi zinazosambaa kuhusu bakteria wanaotoa umeme huahidi taa na chaji ya simu, na ni kweli kwamba vifaa vya namna hiyo vipo. Hata nchini Uganda, katika shule moja ya wasichana huko Kisoro, mkojo umewahi kutumika kuwasha taa za vyoo. Hata hivyo, umeme unaopatikana ni haba mno. Kwa mfugaji thamani iko kwenye naitrojeni, na umeme ni gharama ndogo anayoilipa ili kuisogeza.

Namna naitrojeni inavyosogea

Mkojo mbichi hubeba sehemu kubwa ya naitrojeni yake katika umbo la urea, na urea haina chaji ya umeme, kwa hiyo hakuna volti itakayoisogeza popote. Bakteria wa kinyesi wana kimeng'enya kinachoitwa urease, ambacho huivunja urea hiyo ndani ya saa kadhaa au siku chache na kuacha amonia pamoja na bikaboneti. Amonia nayo ina sura mbili. Kwenye maji yenye pH (kipimo cha tindikali na alkali) iliyo karibu na 7, takriban yote huwa ayoni ya amoniamu, yaani chembe yenye chaji chanya. pH ikifika 9.25 katika joto la nyuzi 25, nusu yake hugeuka gesi iliyoyeyuka. Na pH ikifika 11, karibu yote huwa gesi iliyo tayari kutoroka. Ayoni hufuata umeme, gesi hufuata hewa, na kazi yote ya kifaa hiki ni kuitumia tabia ya kwanza upande mmoja wa ukuta na tabia ya pili upande wa pili.

Upande wa kwanza, ambao una anodi (elektrodi, yaani kipande cha kupitishia umeme, ya upande chanya), hukaa bakteria wasiotumia oksijeni, wakiwemo wa jenasi Geobacter, ambao hupatikana kwenye matope ya mabwawa na mito. Bakteria hao hula mabaki ya viumbehai yaliyomo kwenye maji machafu, na badala ya kuzikabidhi elektroni zao (chembe ndogo za chaji hasi) kwa oksijeni, huzikabidhi kwa kipande cha kaboni kilicho karibu. Elektroni hizo husafiri kwa waya hadi upande wa pili, ambao una kathodi (elektrodi ya upande hasi). Kwa kuwa chaji haiwezi kurundikana upande mmoja, ayoni chanya hulazimika kuvuka ukuta uliopo kati ya pande hizo mbili ili kuweka usawa, na katika mkojo uliochacha ayoni chanya zilizo nyingi ni amoniamu, zikifuatiwa na potasiamu na sodiamu. Kwenye kathodi, elektroni hugawa maji na kutoa haidrojeni na hidroksidi, pH hupanda, amoniamu iliyovuka hugeuka gesi, na hewa inayopulizwa huibeba hadi kwenye chupa ya asidi.

Kugawa maji kwa umeme peke yake huhitaji zaidi ya volti 1.23, na kwa vitendo huhitaji zaidi ya hapo. Hapa bakteria wamekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi, kiasi kwamba hesabu ya nadharia hudai karibu volti 0.13 tu, lakini kwa sababu ya ukinzani wa maji, wa ukuta na wa viungo vya waya, kifaa cha kweli huendeshwa kwa volti 0.6 hadi 0.8.

Hesabu ya mkondo

Kabla ya kununua chochote, fahamu kwamba naitrojeni utakayoipata inafuata ampea, yaani kiasi cha mkondo wa umeme. Ampea moja ikipita kwa siku nzima hubeba kulombi 86,400 za chaji, na iwapo chaji yote hiyo ingebebwa na amoniamu peke yake, zingevuka gramu 12.5 za naitrojeni. Hicho ndicho kikomo cha kile ambacho umeme unaweza kukisogeza. Kwa vitendo hupungua, kwa kuwa potasiamu na sodiamu huvuka pia. Watafiti wa kituo cha Wetsus nchini Uholanzi walichapisha mwaka 2012 matokeo ya kifaa kilichotumia mkojo wa binadamu, ambapo mkondo wa ampea 0.5 kwa kila mita ya mraba ulipata gramu 3.29 za naitrojeni kwa siku kwa kila mita ya mraba, yaani zaidi kidogo ya nusu ya kikomo.

Chukua mfano wa kaya yenye ng'ombe watatu wanaotoa lita 30 za mkojo kwa siku, wenye gramu 5 za naitrojeni kwa lita, jumla gramu 150. Kuihamisha yote kungehitaji ampea 12 iwapo amoniamu ingebeba chaji yote, au ampea 24 iwapo ingebeba nusu. Ampea 24 kwa volti 0.8 ni wati 19 tu, kiasi ambacho paneli ya sola ya kawaida pamoja na betri vinaweza kukimudu. Ugumu uko kwenye eneo: kifaa kinachopitisha ampea moja kwa mita ya mraba kingehitaji mita za mraba 24 za ukuta na elektrodi. Mtu akikuambia kwamba ndoo moja itasafisha maji ya banda zima, muulize ndoo hiyo inapitisha ampea ngapi.

Kwa sababu hiyo, mfugaji ambaye shamba lake au majani ya tembo yako kando ya banda hana haja ya kifaa hiki. Atapata faida zaidi kwa kuukusanya mkojo katika pipa lenye mfuniko, kuuchanganya na maji na kuumwaga kwenye mifereji anayoifukia mara moja. Kifaa kinaanza kuwa na maana pale shamba linapokuwa mbali na banda, au pale mbolea inapotakiwa kumwagiliwa mboga na miche bila hofu ya vimelea. Naitrojeni inayofika kwenye asidi imesafiri kama gesi, na gesi haibebi mayai ya minyoo wala bakteria wa kuhara. Faida hiyo mkojo uliomwagwa shambani hauna. Shuleni na vyuoni kifaa kina maana kwa sababu nyingine, kwamba hufundisha kemia, umeme na biolojia kwa wakati mmoja.

Vifaa

Ukuta unaotenganisha pande mbili ndio moyo wa kifaa. Maabara hutumia utando wa plastiki unaopitisha ayoni chanya pekee, ambao ni ghali na huagizwa nje ya nchi. Mbadala wake ni chungu cha udongo uliochomwa, ambacho kimetumika kwa kazi hii nchini India na Uingereza na kikaonekana kufaa, ingawa hakichagui ayoni kwa ukali kama utando. Mwombe mfinyanzi chungu chenye kipenyo cha sentimita 20 na kimo kama hicho, ukuta wa milimita 4 hadi 6, na umweleze asikisugue kwa kokoto wala kukipaka kitu chochote, kwa maana ung'avu unaopendwa kwenye vyungu vya maji huziba vinyweleo tunavyovihitaji. Kijaribu kwa kukijaza maji na kukiacha usiku kucha: kinapaswa kuloa kwa nje bila kudondosha. Kikibaki kikavu hakitapitisha ayoni, na kikidondosha kitavujisha maji machafu hadi kwenye kathodi.

Kwa anodi, kitambaa cha grafiti ndicho bora zaidi. Anayekikosa anaweza kutumia mkaa, lakini si mkaa wowote, kwa kuwa mkaa wa kupikia uliochomwa kwa joto la chini haupitishi umeme. Shika kipande, kigusishe ncha mbili za multimita (chombo cha kupimia umeme), na ukisoma ukinzani wa maelfu ya ohmu kiache kiende jikoni. Mimi hukataa kipande chochote kinachozidi ohmu 100 kwa urefu wa sentimita chache. Mkaa wa vifuu na wa makokwa ya mawese uliochomwa kwa joto la juu sana, kiasi cha nyuzi 800 au zaidi, hufaa. Uponde hadi uwe na ukubwa wa punje za karanga, uoshe mpaka maji yatoke safi, kisha upange kati yake vijiti vya kaboni vilivyotolewa kwenye betri kavu za zamani za tochi. Vijiti hivyo visuguliwe na kuchemshwa ili kuondoa unga mweusi na nta, na unga wenyewe usitupwe bustanini, kwa kuwa una manganizi na zinki.

Kathodi ni wavu wa chuma kisichoshika kutu. Wavu wa mabati haufai, kwa sababu zinki huyeyuka kwenye alkali. Waya wa shaba uunganishwe nje ya maji tu, kwa kuwa shaba ikilowa huliwa na kuwadhuru bakteria. Utahitaji pia ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana, pampu ndogo ya hewa ya tangi la samaki, mirija ya plastiki, chupa mbili, gundi ya silikoni, karatasi za kupimia pH, multimita, na kipingamizi cha ohmu 1.

Kuhusu umeme, fundi redio wa mjini atakupatia kipunguza volti kwa bei nafuu, lakini vingi vya aina hiyo haviwezi kushuka chini ya volti 1.25. Dawa yake ni kuweka diodi moja ya silikoni (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye mfululizo, ambayo humeza volti 0.6 hadi 0.7 hivi, ukipandisha kipunguzaji hadi volti 1.4 au 1.5, kifaa kitapokea 0.8. Thibitisha kwa multimita wakati kifaa kimeshaunganishwa, kwa sababu diodi isiyobeba mkondo husoma vingine.

Kuunganisha

Lowesha chungu kwa siku nzima, kisha kisimamishe katikati ya ndoo. Panga mkaa na vijiti vya kaboni kukizunguka, karibu na ukuta wake kadiri iwezekanavyo, kwa kuwa kila sentimita ya maji kati ya anodi na kathodi ni ukinzani unaolipiwa kwa volti. Funga vijiti vyote pamoja kwa waya juu ya usawa wa maji, na uhakikishe kwamba hakuna kijiti kinachogusa wavu wa ndani. Ndani ya chungu, kunja wavu uwe bomba linalokaribia ukuta bila kuukwaruza.

Kifunike chungu kwa kifuniko cha plastiki kilichotobolewa matundu mawili na kuzibwa kwa silikoni. Mrija wa kwanza unashuka hadi chini na kuleta hewa ya pampu. Wa pili unaishia juu ya maji na kuitoa hewa kuelekea kwenye chupa. Pampu iwekwe juu kuliko usawa wa maji, ili umeme ukikatika maji yasirudi na kuiharibu. Kati ya chungu na chupa ya asidi weka chupa tupu, ambayo itaipokea asidi endapo itavutwa kinyumenyume. Wengi huiona chupa hiyo kuwa ya ziada mpaka siku asidi inapoingia kwenye chungu na kuangusha pH yote iliyojengwa kwa wiki.

Hewa inayotoka kwenye chupa ya mwisho ipelekwe nje ya nyumba kwa mrija. Kathodi hutoa haidrojeni, na haidrojeni huweza kuwaka inapokuwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa. Kifaa cha ampea 0.1 hutoa kama lita 1 kwa siku, na pampu inayopuliza lita 2 kwa dakika huizimua hadi kiwango kisicho na hatari. Lakini pampu ikizimika umeme wa kifaa nao uzimwe, na kwa hiyo ni vyema vyote viwili vitumie swichi moja.

Ndani ya chungu mimina maji safi yenye gramu 5 za chumvi kwa lita ili yapitishe umeme tangu siku ya kwanza. Chumvi ya Uvinza, inayotokana na chemchemi ambazo maji yake yamechemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, inafaa kabisa, na sioni sababu ya mtu wa Kigoma kutafuta nyingine.

Kuwaotesha bakteria

Mbegu nzuri kuliko zote ni tope la mtambo wa biogesi unaofanya kazi. Lisipopatikana, tope jeusi la chini ya bwawa au la mfereji wa machinjio lina bakteria wanaotakiwa, wakiwa wamechanganyika na wengine wengi. Jaza theluthi moja ya nafasi ya nje ya chungu kwa tope hilo lililochujwa kwa kitambaa, na theluthi mbili kwa maji ya banda.

Maji hayo ya banda yaandaliwe kwa uangalifu. Mkojo uhifadhiwe kwenye dumu lililofungwa kwa siku 3 hadi 5 pamoja na kiasi kidogo cha mkojo wa zamani, ili urea ivunjike huku amonia ikibaki ndani. Kisha changanya sehemu moja ya mkojo huo na sehemu mbili za maji yaliyooshea sakafu, yaliyochujwa majani na makapi. Mchanganyiko una faida mbili: maji ya sakafu huleta chakula cha bakteria, kwa maana mkojo peke yake una naitrojeni nyingi kuliko chakula, tena hupunguza amonia hadi gramu 2 au chini ya hapo kwa lita, kiwango ambacho bakteria wachanga hukivumilia. Bakteria wakishakomaa unaweza kuongeza mkojo hatua kwa hatua, lakini amonia ikizidi gramu 4 kwa lita tarajia mkondo kuanza kudhoofika.

Jaza ndoo hadi karibu na ukingo wa chungu ili hewa isibaki nyingi, lakini usawa wa maji ya nje ulingane na ule wa ndani ya chungu. Funga mfuniko, ukiacha tundu dogo la kutolea gesi, kisha unganisha chanya ya umeme kwenye kaboni na hasi kwenye wavu. Weka volti 0.7 na usiiguse. Siku za kwanza mkondo utakuwa miliampea chache tu, na hapo ndipo watu hukata tamaa na kuongeza volti. Kuongeza volti hakuwaharakishi bakteria, bali hupata mkondo usio wao. Bakteria huhitaji wiki 2 hadi 4 kufunika kaboni kwa utando wao, na joto la kandokando ya ziwa huwasaidia bila kupashwa moto. Kwenye miinuko ya Kasulu na Buhigwe, ambako usiku huwa na baridi, kifaa kikae ndani ya nyumba.

Kila siku pima volti kwenye kipingamizi cha ohmu 1 kilichowekwa kwenye njia ya waya. Kwa kuwa ni ohmu 1, kila milivolti inayosomeka ni miliampea moja, na huhitaji hesabu nyingine. Kila baada ya siku mbili toa lita 2 za maji ya nje na uweke 2 mpya. Chungu cha ukubwa nilioutaja kina ukuta wa mita za mraba 0.12 hivi, kwa hiyo miliampea 50 ni mwanzo mzuri, na 100 ni kifaa kilichokaa sawa.

Chupa ya asidi

Asidi inayopatikana kwa urahisi mjini ni ile ya betri za magari, ambayo ni asidi ya salfuriki ya asilimia 35 hivi. Vaa miwani na glavu, na daima mimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi, kwa sababu joto linalotokea huweza kuirusha usoni. Gramu 1 ya naitrojeni hula gramu 3.5 za asidi halisi, na lita moja ya asidi ya betri ina gramu 450 hivi, hivyo mililita 15 zina karibu gramu 7, ambazo zitanasa gramu 2 za naitrojeni. Zizimue katika nusu lita ya maji. Siki ya kupikia inaweza kunasa amonia vilevile, lakini ni hafifu, hupotea yenyewe hewani, na mbolea yake haitunziki. Inafaa kwa onyesho la darasani tu.

Asidi hiyohiyo ndiyo maabara yako. Anza na kiasi unachokijua, pima pH kila siku kwa karatasi, na uandike siku ambayo inapanda kupita 4. Tuseme gramu 7 za asidi zimeisha baada ya siku 4: umenasa gramu 2 za naitrojeni. Ikiwa katika siku hizo mkondo wa wastani ulikuwa ampea 0.1, kikomo kilikuwa 0.1 mara 4 mara 12.5, yaani gramu 5, na kifaa chako kinafanya kazi kwa asilimia 40. Hesabu hiyo ifanywe kila asidi inapobadilishwa, na iandikwe daftarini pamoja na mkondo, pH ya ndani na kiasi cha maji kilichobadilishwa. Bila daftari hilo utakuwa unatunza ndoo yenye harufu.

Ili kujua umeme unachangia nini hasa, chomoa waya wake kwenye kifaa kwa siku nne huku pampu ikiendelea, kisha upime asidi tena. Kiasi fulani cha amonia kitavuka chungu hata bila umeme, na ni tofauti ya vipimo hivyo viwili inayokuonyesha kazi ya bakteria na umeme.

Mambo yanapokwenda kombo

Mkondo ukiwa mzuri lakini asidi haiishi, anza na pH ya ndani ya chungu. Ikiwa chini ya 10, amonia imevuka lakini haijageuka gesi ya kutosha. Sababu ya kawaida ni maji machafu kuvuja kupitia chungu, au usawa wa maji ya nje kuwa juu kuliko wa ndani. Ikiwa pH ni 11 na bado asidi haiishi, tatizo ni hewa: mrija wa hewa umeziba, au kifuniko kinavuja na amonia inaishia chumbani, jambo ambalo pua itakuambia kabla ya karatasi.

Mkondo unaoshuka polepole baada ya wiki kadhaa mara nyingi husababishwa na utandu mweupe wa chokaa kwenye wavu na ndani ya chungu, kwa sababu kalisiamu nayo huvuka na kuganda kwenye alkali. Toa maji ya ndani, loweka wavu na chungu kwa siki kwa saa chache, suuza, na uanze upya na maji ya chumvi. Upande wa bakteria usiguswe. Mkondo unaoshuka ghafla ni waya uliolegea au ulioliwa, au ndoo iliyoingiwa hewa. Na ikiwa mkondo hushuka siku ya pili baada ya kulisha kisha hupanda ukilisha tena, bakteria wana njaa, na dawa ni kuongeza maji ya sakafu, si mkojo. Pima pia pH ya nje mara kwa mara, kwa sababu bakteria huachia tindikali wanapokula. Maji ya mkojo huwa na bikaboneti ya kutosha kuizuia, lakini ikishuka chini ya 6.5 ongeza mkojo uliochacha kidogo.

Kuitumia mbolea

Mililita 500 zenye gramu 2 za naitrojeni ni mbolea nyepesi sana kwa mahindi, ambayo huhitaji takriban gramu 1 kwa kila shina. Kwa kitalu, hata hivyo, hesabu inageuka. Miche ya mboga na ya michikichi iliyo kwenye viriba hufaidika na maji yenye gramu 0.1 hadi 0.2 tu za naitrojeni kwa lita, hivyo gramu hizo 2 zinatosha kutengeneza lita 10 hadi 20 za maji ya kumwagilia. Subiri hadi pH ya chupa ifike 5 kabla ya kuizimua, ili asidi iliyobaki isiunguze mizizi, na umwagilie kwenye udongo badala ya majani. Michikichi ikiwa imepewa msukumo mpya mkoani hapa, na kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Kihinga kikiwa kinazalisha mbegu zake, vitalu vya vikundi ndiko mahali ambapo mbolea hii ingepata kazi mapema zaidi.

Kumbuka kwamba SA huongeza tindikali ya udongo, na udongo mwingi wa miinuko yenye mvua ya Kasulu, Buhigwe na Kibondo una tindikali tayari. Anayeitumia mfululizo mahali pamoja anapaswa kurudishia chokaa ya kilimo au majivu, lakini kwa siku tofauti, kwa sababu majivu yakikutana na SA huirudisha amonia hewani na kuivunja kazi yote.

Maji yanayotolewa kwenye ndoo hayajawa safi. Bado yana vimelea, fosforasi, potasiamu na sehemu ya naitrojeni, na mahali pake ni kwenye shina la majani ya tembo au kwenye lundo la samadi, si kwenye mfereji unaoelekea mtoni.

Kukuza kifaa

Usiongeze ukubwa wa chungu, ongeza idadi. Chungu kikubwa kina maji mengi zaidi kwa kila mita ya ukuta, na naitrojeni huvuka ukutani. Vyungu kumi katika tangi moja, kila kimoja kikiwa na wavu wake na kipingamizi chake cha kupimia, vinaweza kutumia pampu moja yenye nguvu zaidi na chupa moja ya asidi, na kimoja kikipasuka vingine huendelea. Viunganishwe sambamba, kamwe si kwa mfululizo, kwa kuwa chungu dhaifu katika mfululizo hugeuzwa chaji yake na wenzake na bakteria wake hufa. Vikifika miliampea 100 kila kimoja, vyungu kumi ni ampea moja, yaani gramu 5 hadi 6 za naitrojeni kwa siku kwa kifaa kinachofanya kazi kwa asilimia 40 hadi 50, na gramu 20 hivi za asidi halisi zinazoliwa kila siku.

Bei ya asidi hiyo iandikwe kando ya bei ya SA dukani kabla kikundi hakijachangishana fedha. Lita moja ya asidi ya betri, ikiisha yote, hutoa SA isiyozidi gramu 600 hivi, na mara nyingi mfuko wa dukani utakuwa nafuu zaidi kwa kilo. Kikundi kinachoendelea baada ya kuiona hesabu hiyo kitakuwa kinaendelea kwa sababu nyingine: kwamba banda liko karibu na maji ya watu, au kwamba kitalu kinahitaji mbolea isiyo na vimelea kila siku kwa vipimo vidogo, au kwamba chuo kinawafundisha vijana wake. Kwa yeyote kati ya hao, hatua inayofuata ni kupata utando halisi unaopitisha ayoni chanya, kuuweka kwenye kifaa kimoja kando ya vyungu, na kulinganisha mkondo na asidi inayoliwa kwa maji yaleyale.